Bi Tabu na ED ya Mdomo

Kabla hujamuona Bi Tabu Shomari, ulikuwa unamsikia. Geti la ofisi hujalifikia, sauti ishakupokea barabarani: "Namba arobaini na mbiliii! Arobaini na mbili yuko wapi? Kama umeenda kula muhogo, rudi! Muhogo hautoi kibali!" Na kweli, mtu anatoka mbio kwa muuza muhogo, pilipili bado mdomoni, anajitetea huku anakimbia.

Hiyo ni ofisi moja ya serikali huko Temeke. Jina tuliache, watu wana familia. Wananchi wanaifuata kwa vibali na barua, na Bi Tabu ndo mtu wa Dirisha Namba Moja, miaka kumi na tisa sasa. Ukumbi una feni nne zinazolia kama zimefiwa, watoto wanaolia kwa sababu zao, na foleni inayopiga stori kama iko msibani. Spika hamna, kengele hamna. Kuna koo la Bi Tabu tu. Mama wa miaka hamsini na tatu, Mzaramo wa Mbagala wa kuzaliwa, mwenye mwili wa wastani na sauti isiyoendana na huo mwili hata kidogo.

Vijana wa ofisini walimpa jina la Redio. Kwenye grupu la watsapu, voisi noti zake zilikuwa zinajulikana: ukiona imeingia ya dakika sita, unabandika chai, unaisikiliza, inaisha chai ishachemka na wewe bado hujajua alikuwa anaomba nini.

Basi Jumanne moja Redio akaita namba kumi na saba. Ikatoka kama jogoo mdogo anayejifunza kuwika. Ukumbi mzima ukacheka. Bi Tabu naye akacheka, kwa sababu mwenyewe hana hiyana. Ila kicheko kilitoka bila sauti. Mdomo wazi, mabega yanatikisika, hamna kitu. Hapo ndo akaacha kucheka.

Akajitibu wiki tatu. Tangawizi, ndimu, asali, karafuu ya kutafuna. Mume wake, Mbwana, akasema jikoni kunanuka kama wanapika pilau la mtu mmoja. Sauti ikazidi kukwaruza. Mwisho akaenda hospitali, daktari wa koo akamuingiza kamera nyembamba puani, akachungulia, akaguna.

"Mama, una vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Kama sugu ya mkulima, ila yako iko kooni. Unapigaga kelele kazini?"

"Sio kelele, baba," Bi Tabu akakwaruza. "Nahudumia wananchi."

"Sasa sikiliza. Wiki mbili husemi. Sio unasema kidogo. Husemi. Hata kunong'ona sitaki, kunong'ona kunalichosha koo. Vikipungua, sawa. Visipopungua, tunakata." Akazima kamera. "Na tukikata, siwezi kukuahidi kwamba sauti itakayorudi ni hii."

Bi Tabu akatoka pale na karatasi ya daktari mkononi. Mguu ukivunjika una gongo, jino likitoka una bandia. Ila hiyo sauti ndo ilimpa kazi, ikamnyamazisha mama mkwe, ikawaimbia wanawe wanne mpaka wakalala. Akiipoteza anabaki nani?

Jumatatu akapeleka karatasi kwa afisa utumishi, Demetria, dada mmoja mtaratibu anayejua nyaraka za serikali kuliko anavyojua namba yake ya simu.

"Shikamoo Bi Tabu."

Bi Tabu akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Kha! Leo hata marahaba nimenyimwa?"

Demetria akapewa karatasi. Ilikuwa ED, ile ruhusa ya mgonjwa wanayoandikaga madaktari. Kwa kawaida ED inasema mtu apumzike nyumbani siku mbili tatu. Hii iliandikwa: *Siku 14. Kazi nyepesi. ASISEME KABISA.* Hilo la mwisho limepigiwa mistari miwili.

Demetria akasoma. Akasoma tena. Akajaribu kujizuia, wapi.

"Bi Tabu, samahani, mie nauliza tu. Hii ni ED au dua ya ofisi nzima imejibiwa?"

Bi Tabu akamtishia kofi la hewani, kisha machozi yakamlengalenga. Demetria akaacha mzaha papo hapo, akavuta kiti.

"Haya, tuongee. Yaani niongee mie. Daktari hajakuandikia kulala, kaandika kazi nyepesi. Kwa hiyo nyumbani hukai. Na dirishani hukai, hapo utaropoka tu, nakujua." Akagonga kalamu mezani. "Ofisi hii ina chumba kimoja tu ambacho mtu anaweza kukaa wiki mbili bila kusema neno na asitokee wa kushtuka."

Masijala. Chumba cha mafaili, nyuma kabisa, dirisha moja dogo, na ndani yake Polikarpo.

Polikarpo ni mtu wa Ndanda, miaka arobaini na kidogo, kumi na moja kati ya hiyo kaimalizia masijala. Mpole mpaka anatia wasiwasi. Kuna mchana mlinzi alimfungia ndani akidhani chumba kitupu. Mtu mwingine angepiga mlango, angeita. Polikarpo akapitisha barua chini ya mlango: *Yah: Kufungiwa Ndani.* Ina tarehe, ina sahihi, na ina nakala kwa mkuu wa ofisi.

Demetria akamwambia kwamba Bi Tabu anahamia masijala na yeye anaenda Dirisha Namba Moja.

"Mie?" akasema Polikarpo. Wanasema ndo hotuba yake ndefu ya mwaka ule.

Grupu la watsapu likawaka moto. Mudathir, katibu wa michezo, kijana mchangamfu ambaye hajawahi kuona jambo akaliacha lipite, akaanzisha kura: *Redio ikirudi hewani, neno la kwanza litakuwa nini? (a) Namba. (b) Tusi kwa Mudathir. (c) Voisi noti ya saa nzima.* Herufi (b) ikaongoza kwa mbali. Bi Tabu mwenyewe aliipigia.

Nyumbani Mbagala, siku ya kwanza Mbwana alishukuru Mungu waziwazi. Akakaa barazani, akamsimulia mkewe kisa cha shamba la kaka yake, kisa ambacho tangu waoane hakuwahi kukifikisha mwisho bila kukatizwa. Akakifikisha. Kumbe hakikuwa na mwisho wa maana. Siku ya pili akasimulia kingine. Siku ya nne akaunguza wali makusudi kabisa, akasimama na sufuria mlangoni.

"Tabu, nimeunguza. Wote. Na sufuria jipya. Huna la kuniambia?"

Bi Tabu akamtazama, akatabasamu, akachukua kijiko, akaanza kula ukoko.

"Yarabi," akasema Mbwana. "Mgonjwa huyu mrudishieni sauti, nateseka mie."

Halafu wakaja wa kumjulia hali, maana mgonjwa wa Mbagala hawezi kuachwa apumzike, itaonekana hapendwi. Jirani yake Salma alikuja na machungwa, akakaa masaa mawili, akamaliza habari za mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Bi Tabu anatikisa kichwa tu. Salma akanyanyuka, akafunga khanga vizuri. "Shoga, leo tumeongea, moyo wangu mweupe!" Akaondoka.

Kazini, kila asubuhi Polikarpo alipitia masijala kumuachia Bi Tabu funguo. Na kila asubuhi alisema, "Shikamoo Bi Tabu."

Sasa hapo pana mtihani. Mtu mzima kasalimiwa, hajibu. Wengine walishaanza kuiruka salamu, wanampungia mkono kama wanaaga basi. Polikarpo hapana. Alisema shikamoo yake kamili, akasimama, akasubiri muda uleule ambao marahaba ingechukua, akatikisa kichwa kama aliyeipokea. "Ahsante." Ndo anaondoka. Siku ya kwanza Bi Tabu alicheka moyoni. Siku ya tano akagundua kwamba anamsubiri.

Na dirishani? Dah. Siku mbili za mwanzo Polikarpo hakuita mtu. Alitoka nje ya dirisha lake, akawa anapita kwenye foleni, anachungulia karatasi moja moja, akimpata mwenye namba anamgusa bega. Wazee wakampenda. Vijana wakamwambia, "Braza, kwa spidi hii tutapewa vibali na wajukuu zetu." Siku ya tatu akapiga kelele ya kwanza. Siku ya sita alishakuwa anaita kama kondakta.

Masijala nako, Bi Tabu alianza kwa kusinzia. Mafaili hayabishi, hayaulizi foleni inaishia wapi. Akayafuta vumbi, akayapanga, yakaisha. Wiki ya pili, Jumatano, akaanza kuyasoma. Mzaramo ukimfunga mdomo, macho yanafanya kazi ya ziada.

Akavuta jalada lililoandikwa *Michezo na Afya za Watumishi*. Ndani mna ratiba za bonanza, mna waraka wa kuhimiza mazoezi, mna orodha ya waliochangia jezi. Halafu, katikati, barua ya mkono. Mwandiko akaujua kabla hajasoma. Ulikuwa wa kwake.

*Yah: Ombi la Kipaza Sauti, Dirisha Na. 1.* Miaka minne iliyopita. Alishaisahau. Aliandika, hakujibiwa, akaendelea kupiga kelele. Ila pembeni ya barua mkuu wa ofisi wa wakati ule alikuwa kaandika: *Nakubali. Inunuliwe.* Karatasi inayofuata: *Spika moja na maiki yake zimepokelewa.* Inayofuata, dokezo la katibu wa michezo, Mudathir: *Naomba spika hiyo itumike kwa muda katika mazoezi ya watumishi Jumamosi hii.*

Kwa muda. Miaka minne.

Maana spika ile Bi Tabu alikuwa anaijua vizuri tu! Nani haijui spika ya bonanza? Nyeusi, kubwa, ina stika nyekundu ubavuni, BONANZA NI AFYA. Kila Jumamosi inapiga singeli uwanjani, watumishi wanaruka. Akafunua mbele, akakuta picha imebanwa kwa pini. Watu wamevaa trakisuti, mikono juu, na mbele yao mama mmoja kashika maiki, mdomo wazi, anawahesabia: moja, mbili, haya nyanyua mguu! Mama mwenyewe ni yeye.

Nyuma ya picha, daftari la walioazima. Spika imeenda harusi tatu, imeenda mahafali, imeenda kichen pati ya Farida. Aliyesaini kuichukua hiyo ya mwisho: *T. Shomari, shangazi wa bibi harusi.*

Bi Tabu akaweka faili chini. Miaka minne anapasua koo kuita namba, na siku za mapumziko anaazima koo lake la akiba kuchezea ngoma. Na aliyelichukua, mara moja ile, ni yeye kwa sahihi yake! Akaanza kucheka bila sauti, akacheka mpaka rafu ikatikisika, faili mbili zikamuangukia. Halafu kicheko kikaisha ghafla, akashika koo lake kwa vidole viwili, taratibu, kama anayeshika yai.

Akaenda kwa Demetria na faili kifuani. Demetria akasoma karatasi zote, akavua miwani.

"Ijumaa kuna kikao cha watumishi wote. Usiseme na mtu." Akashtuka mwenyewe. "Astaghafiru, nimezoea tu."

Ijumaa ukumbini, mkuu wa ofisi akafungua kikao kwa kutumia spika ileile, imewekwa pale mbele kwenye kiti, stika yake inang'aa. Ajenda ya nne, Demetria akasimama. Akaeleza kwamba spika iliyonunuliwa kwa ajili ya Dirisha Namba Moja haijawahi kufika huko.

Mudathir akainuka kabla hajamaliza. "Mkuu, kwa heshima zote. Ile ni spika ya bonanza. Kila mtu anajua, hata stika imeandikwa. Tukiitoa, Jumamosi watu watakuja kufanya nini, kuangaliana? Mie nauliza, tunataka watumishi wawe na afya au hatutaki?"

Watu wakapiga makofi, maana hoja ya singeli inapendwaga. Mudathir akanogewa. "Halafu tuwe wakweli jamani. Bi mkubwa wetu Bi Tabu spika ya nini? Yeye mwenyewe ni spika! Si ndiyo, Bi Tabu? Kama sio kweli, akanushe!"

Ukumbi ukaangua kicheko, shingo zikageuka. Bi Tabu alishasimama. Mdomo ulishafunguka. Neno lilishapanda, liko nyuma ya meno, zuri, lina pilipili, na wale wote waliopiga kura ya (b) wakakaa vizuri kwenye viti. Siku ya kumi na mbili. Zimebaki mbili.

*Siwezi kukuahidi.*

Akavuta mtandio, akauingiza mdomoni, akauma. Akanyoosha mkono, kidole kikapita juu ya vichwa vyote mpaka mstari wa nyuma. Kwa Polikarpo, mwenye mafaili yake.

Polikarpo hakuwahi kusema kwenye kikao. Alisimama kama mtu aliyeitwa na hakimu. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mlango mkavu.

"Folio ya kumi na nne, namba ya mali ya spika," akakwaruza.

Ukumbi ukalipuka. Mtu akasema, "Kaambukizwa!" Polikarpo akasubiri wamalize, kama alivyokuwa anaisubiri marahaba.

"Mie nimekaa dirishani siku kumi," akasema. "Tangu nimezaliwa nilikuwa na sauti, sikuwa naitumia tu. Sasa hivi naihitaji, haipo. Siku kumi. Mwenzangu kakaa miaka kumi na tisa. Kwenye faili, ugonjwa wake unaonekana kama wa kwake peke yake. Sio kweli. Ni wa dirisha."

Wala hakukaa. Akatembea mpaka mbele, akainama, akaushika ukingo wa stika nyekundu kwa kucha, akaivuta. Chini yake, kwa rangi nyeupe, maandishi ambayo mali yoyote ya serikali haikosi: namba ya mali, na mbele yake, DIRISHA NA. 1.

Mkuu wa ofisi akaitazama spika. Akaitazama maiki mkononi mwake. Akaizima, akaiweka chini kwa adabu zote.

"Kumbe muda wote huu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "naongea kwa koo la Bi Tabu."

Basi yakaamuliwa hapohapo. Spika Jumatatu iko dirishani. Dirishani watu wapokezane, masaa mawili mawili, asikae mtu mmoja mpaka akauke. Hilo Demetria aliliandika kabla mtu hajabadili mawazo. Na Jumamosi?

"Jumamosi," akasema mkuu, "Mudathir atawahesabia kwa mdomo. Moja, mbili, tatu. Nasikia ni mazoezi mazuri ya kifua."

Jumatatu Bi Tabu alianzia hospitali. Kamera ikaingia, daktari akachungulia muda mrefu mno.

"Kimoja hakionekani kabisa. Cha pili kimenywea. Hatukati, mama."

Bi Tabu akafumba macho.

"Unaweza kusema sasa. Taratibu tu, kama unaongea na mtoto kalala. Kelele basi, milele. Haya, sema."

Bi Tabu akatikisa kichwa kukataa.

"Mama, nimeruhusu!"

Akachukua kalamu ya daktari, akaandika nyuma ya kikaratasi: *Neno la kwanza lina mwenyewe.*

Ofisini walikuwa wanamsubiri. Spika iko dirishani, na wafanyakazi wamejazana mlangoni na simu mkononi, kura bado iko wazi. Mudathir, ambaye kifua kilimuuma tangu Jumamosi, aliomba yeye ndo aiwashe, kama toba. Akaiwasha. Simu yake ikajiunganisha yenyewe kwa mazoea, na singeli ikapasuka ukumbi mzima, wazee kwenye foleni wakashika vifua, dada mmoja wa namba tisa akaanza kucheza kabisa.

"Zima! Zima!" Ikazimwa.

Polikarpo akatokeza na funguo za dirisha, tayari kukabidhi. Akasimama mbele ya Bi Tabu, kama asubuhi zote.

"Shikamoo Bi Tabu."

Akasubiri muda wake uleule. Alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, Bi Tabu akasogeza maiki mdomoni.

"Marahaba, Polikarpo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ina mchanga kidogo, lakini ilikuwa ileile. "Marahaba mwanangu. Za siku zote zile."

Mudathir akashusha simu. Hakuna aliyekuwa ameliweka hilo kwenye kura.

Polikarpo akatikisa kichwa. "Ahsante," akasema, akamkabidhi funguo, akachukua zake za masijala, akaenda kulipumzisha koo.

Bi Tabu akakaa kwenye kiti chake, akanywa maji funda moja, akavuta maiki karibu.

"Namba moja," akasema, kama anaongea na mtoto kalala.

Na namba moja, aliyekuwa nje ya geti na kipande cha muhogo mkononi, akasikia.